Lupasi: jinsi ya kuishtukia mapema, vipimo vya kuulizia na namna ya kutumia dawa zake bila kujiumiza

Nina lupasi, huu mwaka wa tisa. Kabla haijajulikana nilizunguka karibu miaka miwili, nimetibiwa malaria, taifodi, UTI, baridi yabisi, mama mkubwa akanipeleka mpaka kwa mganga. Walionitibu hawakuwa wajinga, shida ni kwamba kila mmoja alikuwa anaona kipande chake. Magoti nilimpelekea huyu, mabaka ya usoni yule, nywele zilivyoanza kukatika nikamlaumu msusi, vidonda vya mdomoni nikasema ni upungufu wa vitamini, na mimi mwenyewe sikuwahi kukaa chini nikavisema vyote kwa mtu mmoja siku moja. Siku niliyovisema vyote pamoja, daktari hakuchukua hata nusu saa kushtuka. Ndo maana naandika hii, na ndo maana nataka uanze na daftari kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza kwa kifupi tu lupasi ni nini. Kinga ya mwili inakosea, inatengeneza kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe badala ya vijidudu, kwa hiyo popote zinapofika panavimba, panauma, panaharibika taratibu. Inaweza kuwa ngozi, viungo, figo, mapafu, moyo, damu, ubongo. Haiambukizi kwa kulala pamoja, kula sahani moja wala kunyonyesha. Kwenye kila wagonjwa kumi karibu tisa ni wanawake, wengi inawaanza kati ya miaka 15 na 44, ila wanaume na watoto wanapata pia, na sisi watu weusi inatupata zaidi na figo zetu inaziandama zaidi kuliko wazungu. Haijaonekana dawa ya kuimaliza kabisa lakini inatulizwa, na ikitulizwa mapema unaishi, unafanya kazi, unazaa.

Daftari

Nunua daftari la kawaida la shule au tumia simu. Kila kinachokutokea andika tarehe, sehemu gani, kilikaa siku ngapi, na kama kinaonekana kwa macho piga picha mchana kwenye mwanga mzuri, maana mabaka yana tabia ya kuondoka siku moja kabla ya kliniki. Usichague cha kuandika. Hata kama unaona hakihusiani, andika.

Vitu ambavyo mimi ningeviandika kwa herufi kubwa ni hivi. Uchovu ambao kulala hakuusaidii, unaamka umechoka kama ulikuwa unalima. Homa ndogo ndogo za kwenda na kurudi huku kipimo cha malaria kinasema hamna. Viungo vidogo vya vidole na viganja vinauma na kukaza asubuhi, zaidi ya nusu saa, unashindwa kufunga vifungo vya shati au kusonga ugali, alafu kufika saa nne vinaachia. Mabaka mashavuni yanayopita juu ya pua kama kipepeo, na hapa naomba msome vizuri, picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe, kwetu hayawi mekundu hivyo, yanakuwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, mtu anadhani ni madoa ya jua au mkorogo umemkataa. Dalili nzuri ya kuangalia ni kwamba ile mikunjo inayotoka puani kushuka kwenye pembe za mdomo mara nyingi inabaki salama. Wengine wanapata mabaka ya duara yenye magamba kichwani au masikioni yanayoacha kovu na nywele hazirudi tena hapo.

Andika pia vidonda mdomoni hasa juu kwenye kaakaa, vingi haviumi kwa hiyo chukua tochi ya simu na kioo uangalie. Ngozi inayowaka au homa inayopanda baada ya kushinda juani. Kifua kinachochoma ukivuta pumzi ndefu. Vidole vinavyogeuka vyeupe au bluu ukishika maji ya baridi. Mimba zilizoharibika, hata kama ni za zamani na inauma kuziandika. Degedege, au kipindi ambacho kichwa hakikuwa sawa, mtu anaongea vitu visivyoeleweka. Huyu wa mwisho kwetu anapelekwa moja kwa moja kwenye maombi au kwa mganga, na sikatazi maombi, mi mwenyewe naomba, ila tafadhali mpelekeni hospitali siku hiyohiyo maana lupasi inaweza kuingia kwenye ubongo.

Na mkojo. Mkojo naupa aya yake kwa sababu ndo uliotaka kuniua. Karibu nusu ya watu wazima wenye lupasi figo zao zinaguswa, na figo zikiguswa HAZIUMI. Utasikia mtu anasema mgongo hauniumi kwa hiyo figo ziko poa, hapana. Unachoweza kuona ni mkojo wenye povu linalokataa kuisha kama la sabuni ya unga, kope zimevimba asubuhi, soksi zinaacha alama miguuni jioni, presha inapanda kwa binti wa miaka 25 ambaye hana sababu ya kuwa na presha. Na mwingine haoni chochote kabisa mpaka apimwe. Kile kijiti cha kupimia mkojo ni kipimo cha bei ndogo kuliko karibu vyote na kipo hata kwenye vituo vidogo vya afya, pima mkojo wa kwanza wa asubuhi, usiwe kwenye siku zako, na kama una lupasi tayari usikubali ipite miezi mitatu bila kupima mkojo na presha, hata kama unajisikia mzima.

Vipimo, na jinsi ya kuvisoma bila kujitisha

Ukishakuwa na daftari nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au kama unaweza kumfikia, daktari wa rumatolojia, yaani wa viungo na kinga. Hawa wa rumatolojia ni wachache Afrika Mashariki na wengi wako kwenye hospitali kubwa za miji, kwa hiyo kama uko wilayani omba rufaa mapema na usikae unasubiri mpaka uvimbe mwili mzima.

Kipimo cha kuanzia kinaitwa ANA, ni cha damu, kinatafuta kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe. Karibu kila mwenye lupasi ANA yake inasoma chanya, kwa hiyo ikiwa hasi uwezekano unashuka sana. LAKINI ANA chanya peke yake sio lupasi, kuna watu wazima kabisa wanayo, na maambukizi pia yanaweza kuipandisha, kwa hiyo usipokee jibu la maabara ukaanza kulia kwenye daladala kama nilivyolia mimi. Utaratibu ambao madaktari wengi wanautumia tangu 2019 unasema ANA ni mlango tu, baada ya hapo zinahesabiwa pointi za dalili na vipimo vingine, na hapo ndo daftari lako linapofanya kazi kwa sababu vingi ulivyoandika vinaweza kuwa pointi. Vipimo vinavyofuata ni anti-DNA na anti-Smith, kingamwili ambazo zinaielekea zaidi lupasi yenyewe, C3 na C4, protini za kinga kwenye damu ambazo zinashuka ugonjwa ukichachamaa, picha kamili ya damu maana lupasi inashusha damu, seli nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu, kreatinini inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na kiasi cha protini kwenye mkojo. Protini ikizidi nusu gramu kwa siku daktari atataka kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano. Usikimbie. Kile kinyama ndo kinachomwambia figo zimeharibika kwa namna gani na atumie dawa ipi, bila hicho mara nyingi anakisia.

Jambo moja ambalo limevunja nyumba za watu. Lupasi inaweza kufanya kile kipimo cha zamani cha kaswende, VDRL au RPR, kisome chanya wakati huna kaswende. Dada anaenda kliniki ya wajawazito, anaambiwa ana kaswende, akirudi nyumbani ni vita. Ikikutokea na wewe na mwenzio mna uhakika na maisha yenu, omba kirudiwe kwa kipimo cha kuthibitisha kinachoitwa TPHA, alafu muulize daktari kuhusu kingamwili za kugandisha damu, kwa sababu ndizo zinazosababisha hilo jibu la uongo, na ndizo hizohizo zinazoharibu mimba na kuleta damu kuganda mguuni.

Dawa

Dawa mama ya lupasi ni haidroksiklorokwini, wengine wanaijua kama Plaquenil. Ni ndugu wa ile klorokwini ya malaria ambayo Tanzania tuliachana nayo 2001, na wakubwa wanaokumbuka jinsi klorokwini ilivyokuwa inawasha watakuambia usiimeze. Meza. Ni ndugu sio ileile, kuwasha kunaweza kutokea kwa baadhi yetu na kuna namna ya kutuliza, mwambie daktari badala ya kuacha kimyakimya. Inatumika kwa lupasi tangu miaka ya hamsini, inapunguza kuchachamaa, inalinda figo, inasaidia watu waishi zaidi. Haifanyi kazi haraka, wengi wanaona mabadiliko baada ya wiki sita mpaka miezi mitatu hata zaidi, na hapo katikati ndo watu wanakata tamaa wanasema dawa haifanyi kitu.

Dozi inahesabiwa kwa uzito, haitakiwi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 300, na vidonge vingi ni vya 200, kwa hiyo daktari anaweza kukuambia leo kimoja kesho viwili. Ukipungua kilo nyingi mkumbushe ahesabu upya. Sababu ya kuhesabu ni macho, ikitumika kwa dozi kubwa kwa miaka mingi inaweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho, kwa hiyo pima macho ndani ya mwaka wa kwanza, na kuanzia mwaka wa tano pima kila mwaka. Ukiwa na ugonjwa wa figo unaanza hayo mapema zaidi. Na iweke mbali na watoto, vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Ya pili ni steroidi, prednisoloni. Hii inashusha moto haraka, ndani ya siku chache unasimama, unaimba jikoni, na kwa sababu hiyo watu wanaipenda kupita kiasi. Ikikaa muda mrefu kwa dozi kubwa inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, inaleta mtoto wa jicho. Lengo la madaktari siku hizi ni kushuka mpaka miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo, au kuacha kabisa ikiwezekana. Meza asubuhi baada ya kula, ukimeza usiku usingizi utauona kwa wenzio. Na naomba hili ulishike: USIIKATE GHAFLA. Ukiwa umeitumia zaidi ya wiki tatu hivi mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake, ukikata unaweza kutapika, presha ikaanguka, ukazimia, ukafa. Inashushwa ngazi kwa ngazi kwa maelekezo ya daktari. Kama vidonge vimebaki vya siku tatu tafuta vingine leo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Kabla hujaanzishiwa dozi kubwa ulizia pia kuhusu kupimwa TB, homa ya ini B na VVU, na kupewa dawa ya minyoo, hasa kama umekulia sehemu za kutembea peku, kwa sababu kuna mnyoo mmoja unakaa mwilini kimya miaka na miaka alafu steroidi zikiingia unasambaa.

Kama figo zimeguswa au dozi ya steroidi inashindikana kushushwa, zinaongezwa dawa za kutuliza kinga. Azathioprini, ambayo kwa kawaida bei yake ni afadhali na inaweza kutumika kwenye ujauzito. Mikofenoleti, nzuri sana kwa figo ila inaharibu mtoto tumboni, inatakiwa iachwe angalau wiki sita kabla ya kubeba mimba. Siklofosfamidi ya drip, mpango mmoja unaotumika sana ni miligramu 500 kila wiki mbili mara sita, ikizidi sana inaweza kugusa uzazi kwa hiyo uliza mapema kama bado unataka watoto. Methotreksati ya viungo na ngozi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, narudia mara moja kwa wiki, watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, chagua siku moja, mi nawaambiaga wenzangu waiandike kwa kalamu nyekundu kwenye kopo. Zipo pia sindano mpya, belimumabu iliyoruhusiwa Marekani 2011 na anifrolumabu ya 2021, bei zake kwa wengi wetu bado ni mlima. Kama pesa ni tatizo sema mbele ya daktari kabla hajaandika, kusema sio aibu, maana mara nyingi kuna dawa nyingine ya bei ndogo, kuliko uchukue karatasi ununue nusu dozi.

Dawa za kuwa nazo makini. Septrin na ndugu zake wa salfa zinaweza kuichokoza lupasi, na kwetu zinauzwa kama pipi, kwa hiyo kila ukifika duka la dawa taja kwamba una lupasi. Diklofenaki na Brufen zinasaidia maumivu ila kama figo zimeguswa ziache, tumia parasetamo. Vidonge vya alfaalfa vinavyouzwa na watu wa virutubisho visikuingie nyumbani, vimewahi kuamsha lupasi iliyokuwa imelala. Na zile dawa za viungo zisizo na jina zinazouzwa stendi, unameza jioni asubuhi umepona, nyingi za namna hiyo zikipimwa zinakutwa na steroidi ndani. Hujui dozi, hujui lini utaisha.

Jua

Hili nalo ni dawa, na tunaishi nalo kichwani. Kaa mbali na jua la saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni kadiri unavyoweza, ukitoka vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, kofia pana au mtandio, mwavuli. Mawingu hayakukingi vya kutosha. Kioo cha gari kinazuia mionzi ya aina moja tu, nyingine inapita, kwa hiyo kwenye basi la Dodoma chagua upande wa kivuli. Mafuta ya kuzuia jua yawe SPF 30 kwenda juu, ukiweza 50, uso na shingo ni mistari miwili, mmoja urefu wa kidole cha shahada na mwingine urefu wa kidole cha kati, unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kama huwezi kununua, kanga mbili na mwavuli vinafanya kazi kubwa kuliko mafuta ya kupaka kidogo kidogo. Ukijificha jua muda mrefu uliza kuhusu vitamini D, kula dagaa na maziwa kwa ajili ya mifupa, punguza chumvi, na sigara acha, inaweza kupunguza nguvu ya haidroksiklorokwini.

Mimba

Unaweza kuzaa. Ila sio kwa kushtukiza. Ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, dawa zibadilishwe kabla, na haidroksiklorokwini usiiache ukiwa mjamzito, kuiacha ndo kunaleta matatizo. Wengi wanaongezewa aspirini ndogo kuanzia karibu wiki ya 12 kuzuia kifafa cha mimba. Pima kingamwili zinazoitwa anti-Ro, kama unazo moyo wa mtoto tumboni unatakiwa kufuatiliwa. Kwa uzazi wa mpango, kama una zile kingamwili za kugandisha damu au lupasi imechachamaa usitumie vidonge vyenye estrojeni, kitanzi au kipandikizi huwa ni salama zaidi, jadili na daktari. Na wakwe wakianza maneno, mwenzio awe amesikia maelezo yote kliniki kwa masikio yake, mpeleke, mimi nilichelewa kumpeleka wangu na tukapata tabu tusiyostahili.

Siku ya kukimbia hospitali

Homa ukiwa kwenye dawa za kutuliza kinga ni dharura. Usijiambie ni lupasi tu, inaweza kuwa malaria au nimonia na kinga yako iko chini, nenda siku hiyohiyo upimwe. Nenda pia kifua kikibana au pumzi ikikata, mguu mmoja ukivimba na kuuma, degedege au kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili ukilegea, mkojo ukipungua sana, uso ukivimba, kutoka damu puani au kwenye fizi bila kukoma, kuona giza ghafla, au kutapika mpaka steroidi haikai tumboni, maana hapo unahitaji kuchomwa kwa sindano.

Kwenye pochi weka kadi ndogo, hata kipande cha boksi kilichofungwa na selotepu. Andika: nina lupasi, jina la kila dawa na dozi yake, NATUMIA STEROIDI ZISIKATWE GHAFLA, SINA/NINA tatizo la figo, dawa zinazonikataa, namba ya ndugu. Badilisha kila dozi inapobadilika, na mwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali unapoiweka.